Nakili Kwanza, Ndipo Utibu

MJOMBA: Mbona u mbio mbio hivyo?

MPWA: Seva ya PostgreSQL ya wavuvi hapa Malindi imegoma. Umeme ulikatika usiku, na tangu alfajiri naiwasha, yanambia haioni cheki-pointi iliyo sahihi, kisha yajizima.

MJOMBA: Basi usiiwashe tena. Nakili folda nzima ya data, pamoja na pg_wal, kwenye diski nyingine. Lolote tutakalojaribu, tutalijaribu kwenye nakala.

MPWA: Kitu kibovu nacho chanakiliwa?

MJOMBA: Hicho ndicho hasa. Tukikiharibu zaidi hatuna pa kurudi. Haya, nani aligusa pg_wal?

MPWA: Diski ilijaa jana. Mwenzangu akaona mafaili chungu nzima ya megabaiti 16, akayafuta.

MJOMBA: Ole wetu! Folda hiyo zamani iliitwa pg_xlog, na watu walikuwa wakiifuta wakidhani ni makaratasi ya kutupa. Toleo la 10, mwaka 2017, likaibadilisha jina kwa sababu hiyo. PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye WAL, yaani mafaili hayo ya pg_wal, kabla ya kuligusa jedwali lenyewe. Umeme ukikatika, hata nchi karibu nzima ikiingia gizani kama usiku wa 25 Agosti 2023, seva ikiamka huanzia cheki-pointi ya mwisho na kuyarudia yaliyofuata. Kukatika kwa umeme si kosa. Kosa ni kuinyima mafaili yake. Na diski haikujaa bure: mtandao wa kwenda Kilifi, mnakopeleka akiba ya WAL, uko hai?

MPWA: Umekufa tangu Jumatano.

MJOMBA: Ndiyo hiyo. Faili lisilofika kwenye akiba halifutwi na seva, ndipo mafaili yakalimbikizana.

MPWA: Wenzangu wasema nitumie pg_resetwal.

MJOMBA: Itawaka, na hilo ndilo ninaloliogopa. Amri hiyo hutupa WAL, seva ikaamka na miamala nusu nusu: samaki wameandikwa wameuzwa, deni la mvuvi halikuguswa. Hakuna kengele itakayokulilia. Bekapu mnayo?

MPWA: Ya Jumapili, na akiba ya Kilifi hadi Jumatano.

MJOMBA: Alhamdulillahi. Irejeshe ya Jumapili kwenye folda tupu, weka restore_command ielekee kwenye akiba, unda faili tupu la recovery.signal, uiwashe. Itarudia miamala yote hadi Jumatano. Zaidi ya hapo haivuki, kwani WAL hufuatana; likikosekana faili moja, ya mbele hayana kazi.

MPWA: Na mauzo ya tangu Jumatano?

MJOMBA: Hapo sasa chukua ile nakala mbovu, nakala ya nakala, uipige pg_resetwal, utoe data kwa pg_dump. Isiwe daftari, iwe shahidi tu. Kila mstari uliomo ulinganishe na risiti za mizani na ujumbe wa M-Pesa. Uliokubaliana na karatasi, uingize, ukiuwekea alama kwamba umeingizwa upya. Usiokubaliana, mwite mwenyewe.

MPWA: Wavuvi tuwaambie?

MJOMBA: Leo hii, kabla mashua hazijaingia. Waambie daftari lina pengo tangu Jumatano hadi jana usiku, na kila mwenye risiti aje nayo. Nami nakuja sasa hivi. Mtandao wa Kilifi tuuangalie kabla ya seva kuanza kazi.