Kuku Anayetaga Anaumwa Nini? Chunguza Kwanza, Dawa Baadaye



Kuku anayetaga ni mali ya nyumba. Yai lake humjenga mtoto mwili. Mayai yakiuzwa, daftari na sabuni hupatikana. Kuku huyo akizubaa, wengi hukimbilia dawa. Wengine hukimbilia kisu. Wengine humpeleka sokoni upesi kabla hajafa. Njia zote tatu zaweza kuleta hasara kubwa kuliko kifo cha kuku mmoja.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Jangwani, Dar es Salaam, ana mitetea sita uani. Amenunua mtetea wa saba sokoni Kariakoo. Baada ya siku sita, mtetea mmoja wa zamani hakutaga. Amesimama pembeni, manyoya yametimka, macho amefumba. Afanye nini?

HATUA YA 1: MTENGE

Kabla ya kujua ugonjwa, mwondoe mgonjwa kati ya wenzake. Mweke kivulini, mpe maji safi katika chombo chake peke yake. Hudumia kuku wazima kwanza, mgonjwa mwishoni. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Magonjwa mengi ya kuku huenea kwa kinyesi, kwa mate, kwa vyombo na kwa viatu vyetu.

HATUA YA 2: ULIZA HABARI ZAKE

Mgonjwa akifika zahanati, tunamwuliza maswali kabla ya kumpima. Kuku hasemi. Basi jiulize wewe mwenyewe:

- Ameanza lini? Ni mmoja au zaidi?
- Kuna kuku mgeni aliyeingia uani?
- Kuku wa majirani wanaumwa au wanakufa?
- Alipata chanjo lini?
- Amekula nini? Maji yalikuwapo mchana kutwa?

Kumbuka kwamba kuacha kutaga si ugonjwa siku zote. Kuku anayeatamia hatagi. Anayebadili manyoya hatagi. Aliyekosa maji siku ya joto kali hupunguza mayai. Lakini kuku hao huwa macho, na hukimbia ukitaka kuwakamata.

HATUA YA 3: MCHUNGUZE

Mshike taratibu, umtazame toka kichwani hadi mkiani.

Joto. Usiseme ana homa kwa sababu mwili wake ni wa moto. Joto la kawaida la kuku ni karibu digrii 41. La binadamu ni karibu 37. Kuku mzima huonekana wa moto mkononi.

Kichwa. Uso uliovimba, na makamasi yenye harufu mbaya, huonyesha mafua ya kuku. Vipele na magamba kwenye kilemba na kuzunguka macho huonyesha ndui ya kuku. Kilemba kilichopauka huonyesha upungufu wa damu.

Ngozi. Funua manyoya chini ya mbawa na karibu na mkia. Tafuta chawa na utitiri. Utitiri mwekundu hujificha mchana katika nyufa za banda na kunyonya damu usiku. Kwa hiyo angalia banda usiku kwa taa.

Tumbo. Kuku anayejikamua huku mkia ukishuka huenda yai limemkwama. Papasa polepole, usibonyeze. Yai likivunjika ndani, kuku anaweza kufa.

Kinyesi. Kinyesi chenye damu, hasa kwa vifaranga na kuku wachanga, huonyesha koksidiosisi. Kuhara njano huonekana katika homa ya matumbo ya kuku. Kuhara kijani huonekana katika kideri, lakini hata katika magonjwa mengine.

Pumzi na shingo. Kuku anayehema kwa mdomo wazi, kukoroma, kupooza mbawa au kupinda shingo, mshuku kideri.

HATUA YA 4: UNGANISHA HABARI

Dalili moja haitoshi. Turudi kwa mama wa Jangwani. Kuku wake anahara kijani na anakoroma. Kesho yake wawili wengine wamezubaa. Kuku mgeni aliingia siku sita nyuma. Hakuna aliyechanjwa. Habari hizi zote zinaelekea kwenye kideri. Dalili zake mara nyingi hutokea siku ya tano au ya sita baada ya kuambukizwa.

Kuku wengi wanaouzwa Dar es Salaam hutoka mikoani, kama Singida na Dodoma. Husafiri wamebanana katika matenga. Kuku aliyeuzwa kijijini kwa sababu amezubaa aweza kumaliza kuku wa mtaa mzima mjini. Na kuku mgonjwa wa mjini aweza kurudi kijijini kama zawadi. Kwa hiyo usiuze kuku mgonjwa.

USIMPE DAWA ZA WATU

Wapo wanaofungua vidonge vya rangi mbili na kumwagia kuku katika maji. Kideri huletwa na virusi, na dawa hizo haziui virusi. Tena mabaki ya dawa huingia katika yai, na yai huliwa na mtoto. Vijidudu huzoea dawa. Siku mtoto akiugua, dawa haimsaidii.

Usichinje kuku mgonjwa. Virusi vya kideri huweza kuwasha macho ya anayemshika. Mafua makali ya ndege huweza kuua watu. Kuku wengi wakifa kwa ghafla, toa habari kwa ofisa mifugo siku hiyo hiyo.

AKIFA

Usimtupe Mto Msimbazi wala jalalani. Mchome, au mfukie chini sana, mahali ambapo mafuriko hayafiki. Ukitaka kujua ugonjwa kwa hakika, muulize ofisa mifugo kuhusu kumpeleka maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una maabara Temeke. Mzoga mbichi, uliofungwa vizuri na kuwekwa penye baridi, husema mengi. Uliooza hausemi kitu.

KINGA

Kideri hakina dawa, lakini kina chanjo. Chanjo ya I-2 huvumilia joto kuliko chanjo nyingine. Hutiwa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanja kuku wazima. Kuku mgeni akae peke yake siku 14.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini tunamtenga kuku kabla ya kujua ugonjwa wake?
2. Taja sababu tatu za kuku mzima kuacha kutaga.
3. Jirani anataka kumwuza kuku aliyezubaa. Utamwambia nini?
4. Nani katika kijiji chenu atapanga siku ya chanjo?