Kontena Halipo? Tuliza Skripti Yako

Skripti ya kusafisha seva inaamuru kontena lifutwe, inajibiwa `No such container`, kisha inakata roho hapohapo na kuacha kazi nyingine zote njiani. Kumbe kilichotakiwa kilishafanyika! Wanaotumia Docker au Podman kila siku, vidokezo hivi ni vyenu.

1. Jiulize ulitaka nini. Ukitaka kufuta, kontena lisilopo ni kazi iliyokwisha, songa mbele. Ukitaka kusoma kumbukumbu kwa `docker logs` au kuingia ndani kwa `docker exec`, hapo kweli umekwama na skripti inapaswa kusimama. Hali ni ileile, lakini majibu yake ni mawili.

2. Tumia njia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuanzia Docker 20.10, `docker rm -f web` humaliza kwa namba 0 hata kontena likiwa halipo. Podman ina `podman rm --ignore web`, na `--ignore` hiyohiyo inakubaliwa na `podman stop`. Kwenye Kubernetes andika `kubectl delete pod web --ignore-not-found`. Mimi naipa Podman alama za juu hapa, maana `-f` ya Docker inabeba mambo mawili kwa pamoja: inapuuza kontena lisilopo, na lililopo likiwa linafanya kazi inaliua ghafla bila kulipa nafasi ya kujifunga vizuri. Kama ndani yake mna hifadhidata, tangulia na `docker stop`.

3. Iogope `|| true`. Ndiyo dawa ya haraka inayopendwa na wengi, na ndiyo inayoficha ugonjwa. Ukiibandika mwishoni mwa amri, umeziba masikio kwa kila kosa: huduma ya Docker imezimika, huna ruhusa ya kugusa `/var/run/docker.sock`, umekosea herufi za amri, yote yanapita kimya. "Kontena halipo" na "nimeshindwa kutazama" si kitu kimoja. Podman inalijua hilo: `podman container exists web` hurudisha 0 likiwepo, 1 lisipokuwepo, na 125 kukiwa na hitilafu nyingine. Docker haina amri ya namna hiyo. `docker container inspect web` hutoa 1 kwa kontena lisilopo, na 1 tena huduma ikiwa imelala. Kwa hiyo hakikisha kwanza huduma iko hai:

   `docker version >/dev/null || exit 1`

   Ukishavuka mstari huo, jibu la `inspect` unaweza kuliamini zaidi.

4. Usikate neno `container`. `docker inspect web` tupu hutafuta popote, hata kwenye imeji na mitandao. Ukiwa na imeji iitwayo `web`, utaambiwa ipo, nawe utadhani ni kontena.

5. Chujio la jina lina ulafi. `docker ps -aq --filter name=web` huzoa pia `web2` na `webmail`. Andika `--filter 'name=^web$'`. Ile `-a` usiisahau, la sivyo kontena lililosimamishwa litaonekana halipo, kisha ukijaribu kuunda jipya utaambiwa jina limeshachukuliwa. Na ukiipeleka orodha kwa `xargs` kwenye Linux, weka `-r` ili orodha ikiwa tupu `docker rm` isiitwe bila jina lolote.

6. Pengine lipo, ila wewe uko kwingine. Kontena uliloliwasha kwa `podman` kama mtumiaji wa kawaida halionekani kwa `sudo podman ps`, kwa sababu kila mtumiaji ana hifadhi yake. Kwenye Docker, chungulia `docker context ls` na thamani ya `DOCKER_HOST`. Huenda amri zako zinakwenda kwenye mashine nyingine kabisa. Halafu kuna Compose: toleo la kwanza liliita makontena `duka_web_1`, la pili likaja na `duka-web-1`, na skripti nyingi za zamani zikaanza kulalamika. Jina la mradi nalo hufuata jina la folda usipolitaja, hivyo ukibadilisha folda, majina nayo yanabadilika. Tumia `docker compose exec web` badala ya kukariri jina zima.

7. Limeondoka sasa hivi? Kontena lililowashwa kwa `--rm` hujifuta likimaliza kazi, pamoja na kumbukumbu zake. Linaweza kutoweka kati ya ukaguzi wako na amri inayofuata, kwa hiyo hata baada ya kukagua, kuwa tayari kusikia "halipo". Kujua lilifutwa lini, jaribu `docker events --since 1h --filter event=destroy`, bila kuchelewa: Docker hurudisha matukio 256 ya mwisho tu.

8. Unaandika zana yako mwenyewe? Taja jina lililotafutwa na mashine ulikolitafuta, na ujumbe wa kosa uutume kwenye stderr ili usichanganyike na matokeo. "Kontena web halipo kwenye seva ya majaribio, hakuna cha kufuta" unatosha kabisa.