Dondoo muhimu: Ubao upi kwa boksi la spika?

Boksi la spika linatakiwa kukaa kimya ili spika yenyewe isikike. Kwa hiyo fundi huanza kwa kugonga ubao kwa vifundo vya vidole. Ukivuma kama ngoma, utavuma hivyohivyo muziki ukipigwa. Ukitoa "dup" fupi, unafaa.

MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ya milimita 18 ndiyo chaguo la wengi, na si bure. Ni nzito, imeshikamana sawasawa kila mahali, haina fundo wala tundu la kupitisha upepo. Adui yake ni maji: kingo zikilowa huvimba na hazirudi tena, hivyo kwenye unyevu wa pwani, kama Tanga au Mombasa, ipakwe sila (dawa ya kuziba mbao) na rangi pande zote, hata chini. Vumbi lake huja na gundi yenye fomaldehaidi. Barakoa ni lazima.

Plaiwudi ni nyepesi na hushika skrubu vizuri zaidi, ndiyo maana spika nyingi za matamasha, zinazopakiwa na kushushwa kila wiki, hutengenezwa nayo. Katika miaka ya 1970 BBC ya Uingereza ilitumia plaiwudi ya mti wa birch, milimita 12 tu, kwa spika yake ndogo ya LS3/5A. Kuta zikabandikwa vipande vya lami kwa ndani kuua mtetemo. Plaiwudi ya bei nafuu ikaguliwe kingo kwanza: penye pengo kati ya tabaka patatetema.

Mninga? Unapendeza macho, lakini, kama mbao nyingine za asili, hutanuka na kusinyaa kidogo kadiri ya unyevu, na maungio yanaweza kuachia. Chipbodi iachiwe makabati.