Laini ya WireGuard inayozimika pakiwa kimya

Swali: Nina maduka Mwanza na Geita, nimeyaunganisha kwa WireGuard kupitia ruta za MikroTik. Geita tunatumia intaneti ya laini ya simu. Wao wakikaa bila kutumia mfumo, mimi wa Mwanza siwapati mpaka waanze wao. Nirekebishe wapi?

Jibu: Funguo na anwani ulizoweka ziko sawa, la sivyo msingewasiliana kabisa. Kampuni za simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Data ikitoka Geita, mtambo wa kampuni hukumbuka njia ya kurudishia majibu. Pakiwa kimya kwa muda, huifuta. WireGuard nayo haitumi chochote kama hakuna cha kutuma.

Kwenye ruta ya Geita, ingia WireGuard, kisha Peers, fungua ingizo la Mwanza na uweke sekunde 25 kwenye Persistent Keepalive ili njia hiyo isifutwe. Mwanza, penye anwani ya umma, usiguse. Baada ya hapo angalia Last Handshake: isizidi sana dakika 2, kwa kuwa WireGuard hubadili funguo za muda kila baada ya takriban muda huo.

Ikiwa ping inajibu lakini faili kubwa zinakwama, mara nyingi shida ni ukubwa wa pakiti. Punguza MTU ya WireGuard pande zote mbili kutoka 1420 hadi 1280, ujaribu tena.