Maji ya Chini Hayasafishwi na Mtu Mmoja

Mtu akimwaga mafuta mtoni, madhara yake huonekana siku ile ile. Lakini akimwaga sumu mchangani, huenda yeye mwenyewe akasahau, na miaka mingi baadaye mtu mwingine asiyemjua akaiteka kisimani. Ndiyo sababu somo hili latuhusu sote tunaokunywa maji ya visima.

Mvua inyeshapo, sehemu ya maji huzama, ikapita katika nafasi ndogo ndogo baina ya chembe za mchanga na kuweka akiba chini. Akiba hiyo haikai kimya kama maji ya mtungini, bali husafiri polepole, pamoja na kila kilichoyeyuka ndani yake. Mojawapo ya sumu zisafirizo hivyo ni trikloroethilini, kemikali iliyotumiwa sana viwandani kuondolea grisi katika vyuma.

Je, twawezaje kusafisha kitu tusichokiona? Kwanza hatuna budi kujua kinakwenda wapi na kwa mwendo gani. Mfano mzuri ni ule wa Borden, kambi ya jeshi katika jimbo la Ontario, nchini Kanada. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Waterloo walijua sana mwendo wa maji ya chini. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijua sana tabia za kemikali. Kidole kimoja hakivunji chawa, basi wakaungana.

Kazi ya namna hii haianzi kwa jembe, huanza kwa mashauri. Yafaa wote wapatane juu ya mambo haya:

1. Swali gani latafutiwa jibu?
2. Maji yatachotwa wapi, kwa kina gani, na siku zipi?
3. Nani atachota, nani atapima, na kwa njia gani moja?
4. Majirani na visima vyao watalindwaje?

Mwezi wa Agosti 1982 waliingiza ardhini lita 12,000 hivi za maji yenye kloridi, bromidi na kemikali tano za kujaribiwa. Vituo vya kuchotea maji vilikuwa kiasi cha 5,000, vya kina mbalimbali. Fikiri, msomaji: kama kila mtu angechota siku aipendayo na kupima apendavyo, hesabu hizo zote zingefaa nini?

Kwa kuwa walifuata mpango mmoja, walipata jibu wazi. Kloridi ilisafiri kiasi cha sentimita 9 kwa siku, lakini zile kemikali nyingine zilichelewa nyuma, kila moja kwa kadiri yake, kwa kuwa zilishikwa na mchanga. Kumbe kuvuta maji kwa pampu hakutoshi kuondoa sumu upesi, maana nyingine hubaki imeshikamana na mchanga, ikaachia kidogo kidogo.

Mwaka 1991 wataalamu wa Waterloo walijaribu dawa katika mchanga huo huo wa Borden, uliokwisha kujulikana vema. Walijenga ardhini ukuta wa chembe za chuma na mchanga, wenye unene wa mita 1.5, ukikingama njia ya maji. Chuma kishikapo kutu hutoa elektroni, nazo huvunja trikloroethilini, klorini yake ikageuka kloridi. Kwa miaka mitano ukuta huo uliondoa kiasi cha asilimia 90 ya trikloroethilini iliyoufikia, wala haukuhitaji pampu.

Sisi hatuna vituo 5,000, lakini kushauriana hakununuliwi. Kisima cha kijiji kikishukiwa, wasikimbilie kwanza dukani kutafuta dawa. Na wakae pamoja mwenye kisima, bwana afya, mwalimu wa sayansi na akina mama wachotao kila siku. Wachore ramani ya visima, vyoo na gereji, wajue maji yateremkia upande gani, kisha wapatane siku za kuchota na mahali pa kupimia. Dawa itakayokuja baada ya hapo itajua pa kwenda.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne