Ukiona Pomboo, Usiishie Kutazama

Kama unaendesha boti ya wageni Kizimkazi, unavua Mafia au unapeleka watu Wasini, unawaona pomboo mara nyingi kuliko mtafiti yeyote. Mtafiti hukodi boti kwa wiki chache, fedha za mafuta zikiisha anarudi chuoni. Wewe uko majini kusi na kaskazi. Lakini unachokiona kikiishia kwenye mazungumzo ya barazani, anayeweza kukitumia hakipati. Hizi ndizo njia za kukifikisha. Simu yako inatosha kuanzia.

Andaa simu ukiwa bado nchi kavu. Washa location kwenye kamera. Hakikisha saa na tarehe ni sahihi. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu, maana chumvi ikishakauka pale picha zote zitatoka na ukungu. Tia simu kwenye mfuko usioingia maji na uufunge kamba.

Ukimkuta pomboo, piga picha ya pezi. Wageni wanataka uso na kuruka. Mtafiti anataka pezi la mgongoni. Ukingo wa nyuma wa pezi hilo hupata mikato kadiri mnyama anavyoishi: ameumwa na mwenzake, amekwaruzwa na wavu, amegongwa na propela. Mikato hiyo ndiyo kitambulisho chake. Miaka mitano baadaye bado anajulikana kuwa ni yuleyule.

Kwa picha za namna hiyo, watafiti waliofanya kazi Kizimkazi mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwahesabu pomboo wa pale. Wale waliozoeleka kwa wageni hawakufika 200. Wale wenye nundu mgongoni, ambao wanasayansi huwaita Sousa plumbea, hawakufika 100. Fikiria boti zote zinazotoka kila asubuhi, halafu ujue zinawafuata wanyama hao hao wachache. Ndiyo maana kila pezi lina uzito.

Jiweke ubavuni mwa mnyama, jua likiwa mgongoni kwako. Pezi lionekane kwa upande, si kwa mbele. Bonyeza kamera mfululizo tangu anapoanza kuibuka, usisubiri hadi awe juu. Katika picha kumi, moja ikitoka safi umefanya kazi nzuri. Usivute zoom hadi picha ichakae. Picha kali ya mbali kidogo ni bora, mtafiti ataikuza mwenyewe.

Piga wote, hata wasio na alama. Hili wengi hulikosea kwa nia njema. Wanamfukuzia mwenye pezi lililokatika kwa sababu anatambulika haraka, wanawaacha wenye mapezi safi. Hesabu nzima inapotoka, kwa sababu wasio na alama nao ni sehemu ya kundi, na wengi wao ni vijana.

Nyangumi-nundu ana utaratibu wake. Hawa hutoka bahari ya kusini karibu na Antaktika na kupita pwani yetu wakati wa kusi, zaidi kati ya Julai na Oktoba, kuzaa na kupandana kwenye maji ya joto. Kwao kitambulisho ni upande wa chini wa mkia. Akikunja mgongo sana, jua anakwenda kupiga mbizi ndefu na mkia utainuka. Kaa nyuma yake kwa mbali, subiri, piga. Picha hiyo ipandishe bure kwenye tovuti ya Happywhale. Mfumo wao hulinganisha mkia na maelfu ya mikia mingine, na nyangumi huyo akiwa ameshapigwa picha mahali pengine, utaambiwa wapi na lini.

Sasa daftari. Picha bila maelezo ni nusu ya kazi. Andika tarehe, saa, mahali, idadi ya chini na ya juu unayodhani, kama wapo watoto, wanakwenda upande gani, na wanafanya nini: wanakula, wamepumzika, wanasafiri. Andika na hali ya bahari, kwa maneno yako ya kila siku. Bahari shwari, mawimbi madogo, povu jeupe: mtafiti ataelewa. Kama huna hakika ni aina gani ya pomboo, andika "sijui". Jibu la kubahatisha linaharibu zaidi ya ukurasa mtupu.

Halafu kuna siku ambazo hukuona kitu. Hizo nazo ziandike. Ulitoka saa ngapi, ulipita wapi, ulirudi saa ngapi, hukuona pomboo. Najua unaona ni kupoteza wino. Lakini tuseme mwezi huu umeripoti pomboo mara nne na mwezi uliopita mara nane. Je, wamepungua, au wewe ndiye umetoka mara chache? Bila saa zako za baharini hakuna awezaye kujua. Kama utafuata ushauri mmoja tu katika yote haya, uwe huu.

Ukituma picha kwa WhatsApp, usizitume kama picha za kawaida. WhatsApp huzibana na kuondoa taarifa za mahali na saa zilizojificha ndani yake. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua "document", tafuta picha yako, tuma. Itakula bando zaidi kidogo, lakini itafika ilivyo.

Umtumie nani? Zanzibar, anza na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tanzania Bara, nenda ofisi ya Hifadhi za Bahari iliyo karibu nawe, kama Mafia au Mnazi Bay, au TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Kenya, Watamu Marine Association wamekuwa wakifuatilia pomboo kwa miaka mingi, na kupitia Kenya Marine Mammal Network taarifa hupokelewa kutoka kwa wavuvi na manahodha wa pwani nzima. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, nao wapo. Tafuta mtu mmoja unayemfahamu kwa jina, uhifadhi namba yake leo. Siku ya dharura hutakuwa na muda wa kuuliza.

Picha nzuri haipatikani kwa kumkimbiza mnyama. Utafiti uliochapishwa 2010 kuhusu pomboo wa kusini mwa Unguja ulionyesha kwamba boti za wageni zikiwa karibu, pomboo hupunguza kupumzika na kukaa pamoja, wanaongeza kusafiri. Yaani wanahangaika. Na pomboo anayehangaika atakuonyesha mgongo akikuacha.

Wakaribie kutoka ubavuni, polepole, ukienda sambamba nao. Usiwakatie mbele. Usipite katikati ya kundi wala usitenganishe mama na mtoto. Acha mita 50 kwa pomboo, 100 kwa nyangumi. Kukadiria ni rahisi: boti ya futi 25 ni kama mita saba na nusu, basi ziweke saba kwa mstari kichwani mwako. Wakikujia wenyewe, weka gia fri, utulie. Boti mbili zikishakuwa pale, ngoja zamu yako kwa mbali. Nusu saa ikipita, ondoka.

Mgeni atakung'ang'ania aingie majini. Mwambie mapema, kabla hajalipa, kwamba mtatazama mkiwa botini. Mwambie na sababu. Wengi wakielewa wanakubali, na wanaokubali huwa wageni wazuri zaidi. Wazee wa Kizimkazi wanakumbuka pomboo alipokuwa akiwindwa kuwa chambo cha papa, hadi katikati ya miaka ya 1990. Leo pomboo huyohuyo analipa ada za shule za watoto wengi pale. Inafaa aachwe apumzike.

Kwa mvuvi wa jarife, hapa ndipo penye kazi kubwa. Kinachoua pomboo wengi zaidi katika maji yetu ni nyavu. Pomboo anavuta hewa kama wewe. Akinaswa chini anakosa pumzi na kufa.

Jaribu kushusha wavu. Pakistani, wavuvi wa jodari walioteremsha nyavu zao mita mbili chini ya uso wa bahari walipunguza vifo vya pomboo na nyangumi kwa zaidi ya robo tatu. Huhitaji wavu mpya, unahitaji kamba ndefu zaidi kati ya boya na wavu. Fanya safari kadhaa hivi na kadhaa ulivyozoea, uandike kilo za samaki kila mara. Bahari yako si ya Pakistani, kwa hiyo linganisha mwenyewe kabla ya kuamua.

Ukimkuta amenaswa na yu hai, kata wavu. Mwinue kwanza kichwa apate hewa, kisha kata kuanzia kichwani kwenda mkiani, na hakikisha haondoki na kipande shingoni. Wavu utaushona. Akiwa ameshakufa, usimtupe kimya kimya. Najua hofu ya kulaumiwa ipo, hivyo pitia kwa mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni) au kamati ya wavuvi, muende pamoja kwa afisa uvuvi. Mzoga mmoja una habari nyingi: umri kwenye meno, chakula tumboni, alama za wavu ngozini.

Upige picha mzoga mzima kwa upande, kichwa, pezi, mkia na tumbo, ukiweka kitu chenye urefu unaojulikana pembeni. Pima kwa futikamba kutoka ncha ya mdomo wa juu hadi katikati ya mkia, kwa mstari ulionyooka, usifuate mkunjo wa mwili. Usile nyama yake. Usiuguse kwa mikono mitupu.

Pomboo aliyekwama ufukweni akiwa hai anahitaji watu wachache wenye utulivu. Piga simu kwanza. Mlaze kwa tumbo, chimba vishimo mapezi ya pembeni yakae humo. Mfunike kwa shuka au khanga zilizolowa, ukiacha wazi tundu la pumzi lililo juu ya kichwa. Mmwagie maji mwilini, yasiingie tunduni. Mtengenezee kivuli. Usimvute kwa mkia wala mapezi; mbebe kwa turubai, na andaa watu sita au zaidi maana mkubwa anaweza kuzidi kilo 150. Ondoa mbwa, ondoa kelele, ondoa wanaotaka selfi. Usisimame juu ya pumzi yake, inaweza kukupa maradhi.

Wakiwa wengi, andika idadi na saa tangu dakika ya kwanza. Aprili 2006 mamia ya pomboo walikutwa wamekufa ufukweni Nungwi, na chanzo hakikuthibitika. Kwenye tukio kama hilo, aliyefika kwanza ndiye mwenye taarifa ambazo hakuna mwingine atakayezipata.

Nguva ni jambo la pekee. Hana pezi la mgongoni: ukiona mgongo laini wa kijivu, pua mbili mbele ya mdomo mpana, kisha mkia, huyo si pomboo. Anakula nyasi bahari na kuacha mistari mitupu juu ya malisho, itazame maji yakiwa safi. Afrika Mashariki wamebaki wachache mno, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imewaweka katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Kwa Tanzania macho yawe Rufiji, Mafia na Kilwa. Kwa Kenya, Lamu. Ukimwona, ripoti siku hiyohiyo, lakini usiweke mahali alipo kwenye Facebook wala kwenye makundi. Mwenye kumtafuta kwa nyama naye ana simu.

Mwisho, dai majibu. Ukishatuma picha, uliza pezi lile limepewa namba gani na lilionekana wapi kabla. Mtafiti akimaliza kazi, mwombe aje asome matokeo dikoni, kwa Kiswahili, mbele ya wavuvi na manahodha. Na jina lako liandikwe pale yanapoandikwa majina ya waliochangia.