Paka wa Ghorofani Anapolilia Mlango

Paka wa uswahilini hatoki kwa kuomba ruhusa. Alfajiri yuko juu ya bati, mchana yuko kwenye kivuli cha mkokoteni, jioni anarudi kula. Wa ghorofa ya tatu pale Upanga au Kilimani hana njia hiyo, na chini kunamsubiri magari, mbwa, panya waliokula sumu, na kichaa cha mbwa, ambacho paka naye hukipata na kumwambukiza binadamu kwa kumng'ata. Kumweka ndani ni uamuzi mzuri, na achanjwe hata hivyo. Ila ukishamfungia umebeba deni: kile ambacho nje kingempa, sasa utampa wewe.

Kabla ya mbinu yoyote, ahasiwe. Huku kwetu karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, joto la uzazi la paka jike halina msimu. Linaweza kumwanza akiwa na miezi 4 hivi, na asipopata dume hurudi kila baada ya wiki 2 au 3: anabiringika sakafuni, anainua kiuno, analia usiku kucha. Dume naye akinusa jike wa jengo la pili atahamia mlangoni na kurusha mkojo ukutani. Hakuna mchezo utakaoishinda nguvu hiyo; kazi ni ya daktari wa mifugo. Baada ya upasuaji mpe dume wiki kadhaa, kwa sababu homoni hazimtoki siku moja.

Paka mzee aliyeanza kulia ghafla apimwe tezi la shingo, figo na shinikizo la damu. Na dume anayeingia kwenye trei la mchanga mara kwa mara, anajikamua na mkojo hautoki, usimsubirishe mpaka kesho. Njia ya mkojo ikiziba, anaweza kufa ndani ya siku chache.

Akiwa mzima, amehasiwa na bado anakwaruza mlango, basi anadai windo. Windo la paka lina mpangilio wake: kunyemelea, kukimbiza, kurukia, kung'ata, kula, kujilamba, kulala. Paka wa ndani wengi hupewa hatua za mwisho tu, bakuli na usingizi, halafu tunashangaa kwa nini saa 11 alfajiri nyumba haina amani. Saa zake za kazi ni machweo na mapambazuko. Basi mchezo uwe hapo, dakika 10 hadi 15 kila mara, na chakula kije baada yake.

Chukua ufito, funga kamba, na mwisho wa kamba funga manyoya ya kuku au kitambaa kilichokunjwa. Watu wengi humtikisia paka kitu hicho usoni, naye anageuka anaondoka, kwa kuwa hakuna panya anayejipeleka mdomoni mwa paka. Kiburute kiende mbali naye. Kipitishe nyuma ya kochi, kichakarishe chini ya ukingo wa mkeka, kisha kisimamishe kabisa. Mtazame: mboni zinatanuka, kifua kinashuka sakafuni, makalio yanaanza kutikisika. Hapo usiharakishe hata kidogo, maana kunyemelea ndiyo raha yenyewe. Akiruka, mara nyingine kiponyoke, mara nyingine akikamate akipige mateke ya nyuma. Ukimaliza, mpe chakula palepale. Atakula, atajilamba, atalala. Kamba ifungiwe kabatini, kwani akiimeza inaweza kumkata utumbo. Taa ya leza siipendi, kwa sababu anakimbiza kitu asichoweza kukishika. Ukiitumia, malizia kwa kitu cha kung'ata.

Mlo mmoja wa siku autafute. Trei tupu la mayai, lile la karatasi, linatosha: tia dagaa wakavu wasio na chumvi au punje za chakula chake kwenye vishimo, funika baadhi kwa karatasi iliyofinyangwa, mwachie achokoe kwa kucha. Siku nyingine ficha punje juu ya kabati.

Mpe pia mahali pa juu pa kukaa, karibu na dirisha lenye ndege na watu wa kutazama. Lakini dirisha lenyewe likague kwanza. Wavu wa mbu hauzuii paka. Ule wa fremu ya alumini huchomoka kwenye reli akiuegemea kwa nguvu, na paka aliyemwona njiwa huegemea kwa nguvu zote. Funga waya imara kwenye grili, matundu yawe madogo kuliko kichwa chake, na kwenye kibaraza uanzie sakafuni hadi darini.

Sasa mlango. Ukimfungulia mara moja kati ya kumi, umemfundisha kwamba kelele hulipa, ila inabidi azidishe. Nyumba nzima ikubaliane, watoto na dada wa kazi pia: akilia mlangoni haangaliwi, hakemewi, habebwi. Siku za mwanzo kelele zitapanda kabla ya kushuka, na hapo ndipo wengi hulegea. Ukilegea wakati huo, umemzoesha kulia kwa sauti ya juu zaidi. Wakati huohuo mpe pa kwenda. Weka kigoda mbali na mlango, na kila unapotaka kutoka rusha dagaa pale kabla hujagusa kitasa. Ukirudi, usimsalimie kizingitini. Ingia, funga, nenda mpaka kwenye kigoda, umkune huko.

Ukitaka aonje nje, mzoeshe mkanda wa kifuani ndani ya nyumba kwanza, kwa siku nyingi, akila akiwa ameuvaa. Umtoe akiwa kwenye tenga lenye mfuniko, asitembee mwenyewe kuvuka mlango. Akiuvuka kwa miguu yake, mlango unakuwa wake. Chagua paa au ua usio na mbwa, na muda uleule, usiwe ule anapolia.

Na akichomoka siku moja, usimkimbize, wala usianze kwa kuzunguka mtaa. Paka asiyeijua nje kwa kawaida hujibanza karibu: chini ya ngazi, nyuma ya tangi la maji, ndani ya injini ya gari lililoegeshwa. Mwambie mlinzi wa getini, waombe wenye magari wagonge boneti kabla ya kuwasha, kisha shuka usiku kelele zikipungua, ukiwa na tochi na kopo la chakula chake. Mulika chini kabisa, usawa wa ardhi, utafute macho yanayong'aa.